Mukono Sikukushika

Kasongo, 3 Oktoba 1956

Daftari hili lilikuwa la ofisi. Paa lilivuja juu ya kabati, kurasa za kwanza zikaloa, nikaambiwa nilichome. Sikulichoma. Mimi Bulaimu bin Sumaili, karani wa mashine ya kuandikia katika ofisi ya teritwari, yaani wilaya yetu, naandika barua za watu wengine tangu asubuhi hadi jioni, na leo nina neno langu mwenyewe.

Saa nne mvua ilipiga hata hatukusikiana. Ndani ya mvua hiyo akaingia Mwalimu Pierre, anayefundisha shule ya mapadri, na barua ameikumbatia chini ya shati. Yeye ndiye katibu wa tawi letu la Chama cha Watunzi wa Kongo. Tawi lina watu tisa. Wawili wanatunga, saba wanapenda kukaa kwenye viti. Mimi ni mmoja wa wale saba, sioni haya kusema.

Barua imetoka makao makuu, Léopoldville. Kila mwaka, mwezi wa tatu, Chama kinafanya Siku ya Mashairi, na safari hii sherehe ya Kiswahili itakuwa hapa Kasongo. Kamati ya Bukavu itachagua shairi moja, italichapa kwenye kitabu cha Chama, na mtunzi atapewa cheti. Halafu kuna mstari nilioomba Mwalimu aurudie mara tatu. Chama kitaiomba Leta, yaani Serikali, imruhusu mtunzi huyo akae palipo na tawi, ili afundishe vijana.

Baba yangu ni mtunzi. Baba yangu yuko Wamaza, ng'ambo ya Kabambare huko, mwaka wa saba sasa, kwa amri ya Leta. Mwaka 1949 aliimba beti za pamba kwenye harusi, na wiki hiyo hiyo vijiji vitatu vilikataa kupokea mbegu. Faili lake nalijua, liko hatua nne kutoka kiti changu. Limeandikwa: mchochezi. Mama alipofariki niliandika ombi aje amzike mkewe. Jibu lilikuja siku ya arobaini, na lilikuwa hapana.

Mwalimu alisema, "Bulaimu, ukileta shairi la Mzee, mimi nitalipeleka. Lakini liwe la Kiswahili safi."

Nimemwambia atalipata.

5 Oktoba

Mvua. Nimemwandikia Baba. Barua yake itafunguliwa na chifu wa sekta kabla hajaigusa, kwa hiyo nimeandika kama mtu anayeomba mbegu za maharage.

14 Oktoba

Shairi limefika kwa mkono wa mchuuzi wa mpunga. Beti ishirini, kwa herufi za Kiarabu, wino umefifia pembeni. Hakulitunga juzi. Alilitunga mwaka ule wa Mama, akakaa nalo.

Herufi hizo mimi nazisoma kwa kugugumiza, maana nilipelekwa shule ya Leta mapema. Mke wangu Waridi alisoma chuo cha Kurani kwa Baba mwenyewe. Akaketi kwenye mkeka, binti yetu Hawa amelala mapajani, akanisomea, mimi nikaandika kwa kalamu. Ubeti wa tatu ulimshinda, akajifuta na upande wa kitenge, akaendelea. Nauweka hapa kama alivyousoma:

*Mukono sikukushika, mulango sikufungua,*
*Muchanga sikukuweka, mutoni maji yajaa.*

Mimi sikulia. Nilikuwa nawaza tarehe ya mwisho ya kamati.

20 Oktoba

Siku nne zilizopita Mwalimu alinipa karatasi ya masharti. Kila kipande kiwe na mizani nane. Maneno yaandikwe kama vitabuni: mtu, mtoto, mlango. Mtu asiandike mutu wala mutoto, hayo ni ya sokoni. Baba anasema hivyo, mimi nasema hivyo, Kasongo yote inasema hivyo, ila kwenye karatasi tunavaa viatu.

Basi nimesafisha. Kila mu nimeifanya m. Kisha nikahesabu kwa vidole, kama tulivyofundishwa shule, irabu moja mizani moja. *Mkono sikukushika*: saba. *Mlango sikufungua*: saba. Mzee wa watu, uzee na ugeni, hesabu imemtoka. Kamati ikiona saba italitupa shairi, na Baba atafia Wamaza.

Nimekaa nalo saa zote za chakula cha mchana, siku zote nne. Pale palipopungua nimejaza. Sasa ubeti wa tatu unasomeka hivi:

*Mkono nami sikushika, mlango sikuufungua,*
*Mchanga nami sikuweka, mtoni maji yalijaa.*

Nane, nane, nane, nane. Waridi aliniuliza kama nimemaliza kunakili. Nilimwambia ndiyo. Hakuniomba nimsomee, nami sikuona haja.

22 Oktoba

Nimelipiga kwenye mashine, nakala tatu. Limekwenda.

9 Novemba

Mvua.

17 Novemba

Mvua. Hawa anauliza babu yake ana ndevu au hana. Nimesema anazo. Sijui kama bado anazo.

9 Desemba

Mchuuzi wa mpunga amepita. Anasema Baba anakohoa asubuhi mpaka anashika nguzo, na nyumba aliyopewa inavuja upande wa kitanda. Daraja la miti lililo kabla ya Wamaza limechukuliwa na maji na watu wanavuka kwa kamba. Nikamuuliza kama Mzee amesema lolote. Amesema aliuliza kitu kimoja, kama kaburi la Mama limeota majani. Limeota. Kesho nitakwenda na jembe.

10 Desemba

Mvua. Sikwenda.

11 Januari 1957

Limechaguliwa.

Kamati imechagua shairi la Sumaili wa Wamaza kati ya mashairi mia na zaidi. Wamelisifu kwa *usafi wa lugha na hesabu kamili*. Limeshapelekwa mitamboni. Mwalimu Pierre alinikumbatia mlangoni mwa ofisi mbele ya mapolisi.

Bwana Mkubwa wa teritwari ameniita. Anajua Kiswahili cha kuagiza kahawa na cha kumfunga mtu, na kwa haya mawili kinamtosha. Alikuwa na barua ya Chama mkono huu na faili la Baba mkono huu. Akasema hana ubaya na washairi. Baba ataletwa kwa kamio, lori la Leta. Kama ni mtunzi kweli, atakaa Kasongo afundishe. Kama si mtunzi, basi yeye ni kile kilichoandikwa kwenye faili, na atarudi. Nikasema ndiyo, Bwana. Nilitoka nikaona hata matope ya barabarani ni mazuri.

13 Januari

Laiti ningalikaa kimya jana jioni. Nilikuwa na furaha, nikamsomea Waridi nakala yangu, kwa sauti ya kujivuna, yeye anachambua sombe, majani ya muhogo. Nilipofika ubeti wa tatu mikono yake ilisimama.

"Baba Hawa, rudia pale."

Nikarudia.

"Inachechemea. Nani aliingia mule?"

Nikamweleza habari ya saba na nane. Akaniangalia kama anavyomwangalia Hawa akiwa amevaa nguo nyuma mbele. Akapiga mstari wa Baba kwenye ukingo wa kinu, polepole, kidole kwa kidole: mu, ko, no, si, ku, ku, shi, ka. Nane. Kisha akausema kivitabuni: m, ko, no. Ile m haimezwi, imesimama peke yake, inapigwa kidole chake. Nane vile vile. Kwa mu au kwa m, Baba hakukosea hata mahali pamoja. Mimi ndiye nilihesabu irabu kama mtu anayehesabu Kifaransa. Mistari niliyoijaza sasa ina tisa tisa, na kila mwimbaji atajikwaa humo.

Nikasema ni mizani moja tu imezidi. Akasema hapana, hiyo ni kasoro ndogo. Akaniuliza, "*Sikukushika*. Umeandika *sikushika*. Ile ku iko wapi?"

Sikuelewa. Akasema nifikirie, akaondoka na sombe yake.

Nimefikiria usiku kucha na leo. Ili nipate nafasi ya *nami*, nilitoa ku. Baba alisema hakukushika wewe, mkono wako. Hakukuweka wewe mchangani. Mimi nimeandika kwamba mtu mmoja hakushika mkono, mkono wa nani haijulikani, akajitaja yeye mwenyewe mara mbili. Mama hayumo tena.

14 Januari

Nimemwambia Mwalimu Pierre. Alihesabu kwenye vidole vyake, midomo inacheza, nikaona uso wake unabadilika. Yeye pia alifundishwa vile vile, na yeye ndiye aliyepitisha. Akasema kitabu kimeshachapwa. Tukiandikia kamati kwamba shairi lilichezewa, wataliondoa, Bwana Mkubwa atauliza nani alidanganya, na Mzee atabaki alipo. Akasema, "Mzee ni mutu mukubwa. Atafahamu. Siku moja tu anyamaze."

Nimekubali. Haraka mno nimekubali.

29 Januari

Mvua. Mpunga unaoza shambani kwa watu wa bondeni. Nimeanza barua tatu kwenda kwa Baba na nimezichana zote. Nikiandika wazi, chifu atasoma, maana barua ya siri haipo. Nikiandika kwa mafumbo, Baba atapata fumbo gani la kutosha?

Hizo ni sababu. Najua pia ninaona haya.

16 Februari

Waridi haongei nami ila kwa mambo ya chumvi na maji. Anamfundisha Hawa ubeti wa tatu, ule wenyewe. Mtoto anauimba chooni, anauimba barabarani. Nimemkataza. Mama yake amesema, "Mukataze na mvua."

27 Februari

Mapolisi wamejenga kibanda cha makuti mbele ya ofisi. Viti vimeazimwa misheni. Sanduku la vitabu limefika kutoka Bukavu, zuri, lina jalada la buluu. Jina la Baba liko ukurasa wa kwanza na chini yake maneno yangu.

8 Machi, Ijumaa

Amefika. Kamio lilichelewa kwa matope, liliingia saa kumi na moja jioni. Alishuka kwa kurudi nyuma, mguu unatafuta ardhi. Ndevu anazo, nyeupe zote. Nimemshika, ni mwepisi. Hawa alijificha nyuma ya mama yake, kisha akatoka akamwimbia ubeti wa tatu wote bila kukosea. Baba aliinama mpaka wakawa sawa kwa urefu. Akauliza nani alimfundisha. Waridi akapiga magoti akamwamkia.

Alitaka kwenda makaburini hapo hapo, lakini polisi aliyemleta alisema ni baada ya sherehe. Basi akala. Wali na sombe ya mawese, akala sahani mbili, akacheka na Waridi, akasema wali wa Wamaza una mchanga na wa mukamwana wake una mkono. Kikohozi kilimshika mara moja tu. Miaka saba sikuwahi kuusikia ule mcheko. Waridi alikuwa ananiangalia juu ya bega la Baba: sema. Nilifungua mdomo mara mbili. Mara ya kwanza nikamwongezea maji, mara ya pili nikamuuliza habari za barabara.

Sasa amelala. Nitamwambia asubuhi.

9 Machi

Asubuhi mapolisi walimchukua mapema kumnyoa na kumpa kanzu safi. Sikupata nafasi. Naandika *sikupata nafasi*, na kalamu hainikatalii.

Watu walikuwa wengi mpaka barabarani. Wangwana, Waislamu wa mjini, na kofia zao, Wakristo kutoka shambani, wanawake nyuma upande wa kulia. Mvua ilikuwa imekata tangu alfajiri. Mjumbe wa kamati, Bwana Roger kutoka Bukavu, alisema maneno mengi mazuri na ninaamini aliyamaanisha: kwamba Chama hakiangalii dini wala kabila, kwamba kila mtunzi mzee ni maktaba yetu, kwamba watamletea Mzee Sumaili karatasi, taa na wanafunzi. Baba aliketi mbele, mikono juu ya magoti. Bwana Mkubwa alikuwa kulia kwake, mimi nyuma yao nimesimama, mkalimani.

Mwalimu Pierre akasoma. Anasoma vizuri. Kwa hiyo kila mahali shairi lilipochechemea, lilichechemea vizuri, wazi, kila mtu akasikia. Ubeti wa kwanza Baba aliinua kichwa. Wa pili akageuza sikio kama mtu anayeitwa kwa jina lisilo lake. Wa tatu nilimwona anahesabu kwenye goti, kidole kwa kidole, na kidole cha tisa hakikuwa na pa kwenda.

Watu walipiga makofi. Bwana Mkubwa akachukua cheti, akamwelekea Baba, akamuuliza kwa Kiswahili chake, kwa sherehe tu, kama mtu anavyouliza bwana harusi: "Sumaili, hii mashairi ni yako?"

Nilikuwa na nafasi ya pumzi moja. Niliinama sikioni mwake nikasema, Baba, sema ndiyo, nitakueleza.

Baba akasimama. Hakuwa na hasira. Aliongea kama mtu anayerudisha kitu cha jirani kilicholetwa kwake kwa makosa.

"Hapana, Bwana. Hii haiko yangu."

Bwana Mkubwa hakunihitaji kwa kutafsiri hayo. Akamuuliza basi yako iko wapi, tusomee. Baba akasema yake aliitungia mtu mmoja, naye yuko makaburini hatua chache kutoka hapa, na bado hajamsomea. Hawezi kuisoma barazani kabla yeye hajaisikia.

Ndipo niliposema. Nilisema mbele ya watu wote, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, kwamba mimi ndiye niliyebadili maneno, kwamba nilihesabu vibaya, kwamba mtunzi ni huyu. Bwana Mkubwa alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema kwamba mwana mwema angesema hivyo hivyo. Kisha akaguna kwa kicheko, akamgeukia Bwana Roger: mzee amekataa, karani amekiri kwamba maneno ni yake, basi mtunzi tumempata, na ni mtu wa ofisi yangu. Bwana Roger akamtazama Baba, akatazama sanduku la vitabu, akatazama kiatu chake. Nikawekewa cheti mkononi. Watu hawakujua wafanye nini, kwa hiyo wakapiga makofi.

Baba atarudi Wamaza Jumatatu.

10 Machi, Jumapili

Nataka kusema ukweli wote humu, maana kwingine nimeusema haukusaidia. Jana jioni nilimkasirikia Baba. Nilimwambia neno moja tu lingetosha, ndiyo, na angelala kwake mpaka kufa kwake. Alikuwa ananyoosha kanzu ya sherehe airudishe. Akasema, "Na ningemwambia mama yako nini?"

Leo asubuhi polisi alituruhusu. Kaburi lilikuwa limefunikwa na majani mpaka kiunoni. Sikuwahi kwenda na jembe. Baba hakusema lolote, akaanza kung'oa kwa mikono, nami nikang'oa, na Waridi, mpaka jiwe likaonekana. Akachuchumaa akasoma beti ishirini bila karatasi. Alipofika *mukono sikukushika* aliweka kiganja juu ya udongo. Mvua ilianza katikati, hakuharakisha.

Alipomaliza nilimwomba msamaha. Alinisikiliza, anajifuta matope.

"Mizani unaweza kukosea, mutoto wangu. Hata mimi nilikosea nikiwa kijana. Lakini ulimutoa mama yako mule, ukajiweka weye."

Nilisema nilitaka kumrudisha nyumbani. Akasema anajua. Akasema Waridi ana shairi na Hawa ana ubeti mmoja, kwa hiyo halikupotea, nisilie sana. Akaniegemea tukarudi.

11 Machi

Kamio liko mlangoni na injini inawaka. Cheti changu nimekiweka ndani ya faili la Baba. Labda siku moja mtu atakisoma na kushangaa kinafanya nini humo.

Karatasi ya njia kwenda kwa chifu wa sekta ya Wamaza huandikwa kwa Kiswahili, na anayeiandika ni mimi. Nimeweka karatasi kwenye mashine. Baba amekaa nje juu ya benchi, kifurushi cha wali wa Waridi magotini, Hawa kando yake. Anakohoa. Mvua.

Nimepiga mstari wa kwanza kama tunavyosema, si kama vitabuni:

*Mutu huyu arudishwe.*

Vidole vikahesabu vyenyewe pembeni mwa mashine, sikuviambia. Nane kamili.